Bwana Steller na Nguva wa Bahari ya Baridi

Ninyi mkaao pwani mmesikia habari za nguva, yule mnyama mkubwa wa bahari alaye majani chini ya maji na kumnyonyesha mtoto wake kama ng'ombe. Wazee hutuambia ya kuwa nguva ni nusu mtu, na mvuvi akimtazama sana moyo wake hulainika. Sisi tuliokulia bara tulicheka tulipoambiwa hayo mara ya kwanza. Lakini baadaye tulisoma habari za mtu mmoja aliyemtazama sana jamaa ya nguva, mbali katika bahari ya kaskazini yenye barafu, na tangu hapo hatucheki tena. Habari zake ndizo tunazotaka kuwapa mwezi huu.

Georg Wilhelm Steller alizaliwa tarehe 10 Machi 1709 katika mji mdogo wa Windsheim, nchi ya Udachi. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa kanisa na mwalimu, kazi ambayo wengi wenu mnaijua, pamoja na mshahara wake. Husimuliwa ya kuwa mtoto huyu alipozaliwa hakupumua, wakamweka kando kama maiti. Lakini mwanamke mmoja hakukubali, akamfunika nguo za moto, akamkanda, hata akalia. Mwaka 1729 alikwenda Wittenberg, mji wa Dk. Martin Luther, kusoma theologia. Kisha akahamia Halle, akafundisha katika shule za nyumba ya yatima iliyoanzishwa na August Hermann Francke. Huko ndiko majani na mizizi na wanyama walikoanza kumvuta kuliko mimbari. Hatumlaumu. Si kila aliyesoma theologia ameitwa kupanda mimbarani, nasi tumewaona waliopanda bila kuitwa.

Alipoona hapati kazi aitakayo katika nchi yake, alikwenda Danzig mwaka 1734, akawauguza askari wa Kirusi waliojeruhiwa vitani, akaingia nao merikebuni mpaka Petersburg. Akawa mganga wa Askofu Mkuu Theophan Prokopovich, hata mwaka 1737 Chuo cha Sayansi cha mji ule kilipompa kazi ya kwenda mashariki kuandika habari za mimea na wanyama. Alioa mjane wa msafiri mwingine wa elimu. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kujua safari za Siberia zinavyomla mume; walipofika Moscow alikataa kuendelea. Steller akaenda peke yake, na njia ile ilimchukua zaidi ya miaka miwili mpaka kufika Kamchatka, mwisho wa nchi ya Urusi, mwaka 1740.

Huko alikuwako nahodha Vitus Bering, mzaliwa wa Denmark, aliyetumwa na serikali ya Urusi kutafuta nchi ya Amerika kwa upande wa mashariki. Akamwomba Steller wasafiri pamoja. Wakatweka tanga tarehe 4 Juni 1741, kwa hesabu ya kalenda ya zamani ya Warusi, watu zaidi ya 70 katika merikebu moja. Merikebu ya pili iliyofuatana nao ilipotea katika ukungu, wasionane tena.

Tangu siku za kwanza Steller hakupatana na maofisa. Akiona mwani na ndege wakielea, alisema nchi iko karibu. Wao wakamcheka, maana hakuwa baharia. Wala hatutaki kumfanya malaika: ulimi wake ulikuwa mkali, na mtu mwenye haki asiyejua kunyamaza huwachosha wenzake upesi. Hata hivyo katikati ya Julai milima yenye theluji ilionekana, nayo ilikuwa Amerika. Tarehe 20 walitia nanga kwenye kisiwa kiitwacho leo Kayak, katika nchi ya Alaska. Bering alitaka maji ya kunywa tu, kisha arudi. Steller akagombana naye hata akaruhusiwa kushuka na mtumishi mmoja, Mkosaki jina lake Lepekhin.

Alipewa saa 10 hivi, baada ya matayarisho ya miaka 10! Akakimbia msituni kama mtoto aliyefunguliwa shule. Aliona mahali pa moto palipoachwa karibuni, akaona ghala iliyochimbwa ardhini yenye samaki waliokaushwa kwa moshi, lakini wenyeji walikuwa wamejificha. Mabaharia wakachukua baadhi ya vitu vyao, wakaweka badala yake sufuria ya chuma, hariri na tumbaku. Steller akasikitika, maana aliona ya kuwa wenyeji wakiila ile tumbaku watadhani wametiliwa sumu. Lepekhin akampiga ndege mmoja wa buluu mwenye kishungi, wa jamaa ya kunguru. Steller alipomshika alikumbuka picha aliyoiona zamani katika kitabu cha ndege wa Amerika, akajua hakika wamefika. Ndege yule yuko hata leo, naye huitwa kwa jina la Steller. Jioni aliitwa arudi upesi, la sivyo ataachwa.

Katika kurudi, siku moja ya Agosti, mnyama asiyejulikana aliifuata merikebu. Kichwa chake kilikuwa kama cha mbwa, masikio yamesimama, sharubu ndefu, naye alicheza na kipande cha mwani kwa muda wa saa mbili na zaidi, akijigeuza na kuwatazama watu. Steller akamwita nyani wa bahari. Mwisho akampiga bunduki ili ampate kwa elimu yake, akakosa. Wataalamu wengi wa siku hizi hudhani alikuwa sili mchanga. Sisi twafurahi kwamba risasi ilikosa.

Kisha furaha ikakoma. Walipofika visiwa fulani kutafuta maji, Steller aliwaonyesha chemchemi safi. Wao wakajaza mapipa kwenye dimbwi lenye chumvi lililokuwa karibu na mashua. Akataka watu wa kuchuma majani ya kuponya kiseyeye, wakamnyima. Akachuma mwenyewe kidogo alichoweza, nayo ikamsaidia Bering kuinuka kitandani kwa siku kadhaa. Lakini majani yale yakaisha, na dhoruba zikawapiga wiki nyingi. Ufizi ukaoza, meno yakalegea, watu wakafa mmoja mmoja, hata hapakuwa na mikono ya kutosha kushika tanga. Mwezi wa Novemba wakaona nchi, wakadhani ni Kamchatka. Kumbe ni kisiwa kitupu kisicho mti wala mtu.

Wakachimba mashimo mchangani, wakayafunika matanga. Mbweha wakaja makundi kwa makundi, wasiojua kumwogopa mwanadamu. Wakawatafuna maiti kabla hawajazikwa, wakawauma na wagonjwa wasioweza kuinuka. Tarehe 8 Desemba Bering alikufa, nusu ya mwili wake imefunikwa na mchanga, naye hakutaka wauondoe kwa sababu ulimpa joto. Wakamzika kwa desturi ya Kilutheri, iliyokuwa yake na ya Steller. Kaburi lake lilipatikana mwaka 1991, na kisiwa kile huitwa kwa jina lake.

Hapo ndipo mtu aliyechekwa merikebuni alipokuwa baba wa nyumba. Steller alipika, aliuguza, alichuma majani chini ya theluji, aliwafariji Warusi waliomdharau. Nyama ya fisi maji wa bahari ikawarudishia nguvu. Na karibu na pwani, kila siku, walielea wanyama wakubwa mfano wa mashua zilizopinduliwa, wakila mwani bila haraka.

Hao ndio jamaa ya nguva tuliowataja. Steller alimpima jike mmoja, urefu wake karibu meta 7 na nusu. Nguva wetu hafikii nusu yake. Ngozi yake ilikuwa kama gome la mti mkuukuu. Meno hakuwa nayo, bali vibao viwili vigumu, kimoja juu na kimoja chini, vya kusagia mwani. Hakuweza kuzama vema, mgongo wake ulikuwa juu ya maji, na ndege walitua juu yake wakidonoa wadudu. Walikwenda kwa jamaa, watoto katikati. Hakumwogopa mtu hata akiguswa kwa mkono.

Katika kiangazi cha 1742 mabaharia walijifunza kumchoma kwa chusa lenye kamba ndefu, na watu kama 30 wakamvuta kutoka pwani. Nyama yake ilikuwa tamu kama ya ng'ombe, na mafuta yake yalinukia kama ya lozi. Mmoja alilisha kambi siku nyingi. Steller alikula pamoja nao, akashukuru. Lakini aliandika pia aliyoyaona: mmoja alipochomwa, wenzake walikuja kumwokoa, wengine wakiisukuma mashua kwa migongo, wengine wakilalia kamba wapate kuikata. Na jike mmoja alipokwisha kuuawa na kuvutwa pwani, dume wake alimfuata mpaka ufuoni, akipigwa asiondoke. Kesho yake walimkuta yupo. Siku ya tatu Steller mwenyewe alikwenda kukata nyama, akamkuta bado amekaa karibu na mwili wa mwenzake. Tumesoma mahali hapo mara nyingi. Hakuongeza neno la kuhubiri; aliandika tu, kisha akaendelea kupima matumbo.

Na kupima kwenyewe kulikuwa shida. Wasaidizi aliwalipa tumbaku, nao walikatakata hovyo, mvua ilinyesha, mbweha waliiba karatasi zake wakakimbia na wino.

Mabaki ya merikebu yalijengwa mashua ndogo, na tarehe 13 Agosti 1742 watu 46 wakaondoka. Nafasi ilikuwa haba. Ngozi na mifupa aliyoitayarisha Steller ikaachwa pwani, akaruhusiwa mzigo mdogo tu, ambamo alitia vile vibao viwili vya kutafunia. Mabaharia nao walichukua ngozi nyingi za fisi maji. Walipofika Kamchatka mwisho wa mwezi, watu walikuwa wamekwisha kuwalilia kama wafu.

Steller hakuiona tena nchi yake. Alikaa Kamchatka miaka miwili, akafungua shule, akawatetea wenyeji waliofungwa, akashitakiwa kwa ajili yao. Njiani kurudi alikamatwa, akaachiliwa, akashikwa na homa, akafa katika mji wa Tyumen mwezi wa Novemba 1746, umri miaka 37. Akazikwa ukingoni mwa mto Tura.

Kitabu chake juu ya wanyama wa bahari kilichapishwa mwaka 1751, kwa Kilatini. Lakini zile ngozi za fisi maji zilikuwa zimetangulia kusema. Wafanya biashara walipoziona, walikwenda kisiwani mashua kwa mashua, na chakula chao kilikuwa yule mnyama mpole, maana mabaharia walikwisha kueleza jinsi ya kumpata. Wengi waliochomwa walikwenda kufia baharini, wasiliwe na mtu. Mwaka 1768 aliuawa wa mwisho aliyejulikana, miaka 27 tu tangu Steller alipomwona mara ya kwanza. Mifupa yake imo katika nyumba za makumbusho Ulaya na Marekani. Lakini jinsi alivyokula, alivyolala, na alivyomngojea mwenzake ufuoni, hayo yamo katika karatasi za Steller peke yake.