Dred Scott: Mtumwa aliyedai uhuru mahakamani, hukumu yake ikaisogeza Marekani kwenye vita

Aprili 6, 1846, mume na mke waliokuwa watumwa walifungua kesi katika mahakama ya mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Walikuwa wakidai uhuru wao. Hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo kwenye karatasi kila mmoja aliweka alama ya X badala ya saini.

Mume aliitwa Dred Scott, mke Harriet. Walikuwa na mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa mama mtumwa naye ni mtumwa. Yaani siku yoyote mabinti hao wangeweza kuuzwa mbali na wasionekane tena.

Hakuna aliyedhani kesi hiyo ingedumu miaka 11, wala kwamba ingeitikisa nchi nzima.

Alitoka wapi?

Dred alizaliwa mtumwa Virginia mwishoni mwa miaka ya 1790. Familia ya Peter Blow iliyommiliki ilihamia Alabama, kisha mwaka 1830 ikahamia St. Louis. Huko akauzwa kwa Dk. John Emerson, daktari wa jeshi.

Daktari huyo alipohamishwa kikazi, alisafiri na mtumwa wake. Kwanza walikaa Illinois, jimbo ambalo utumwa ulikuwa marufuku. Mwaka 1836 wakaenda Fort Snelling, kambi iliyo katika Minnesota ya leo. Huko nako sheria ya Bunge ya mwaka 1820 ilikuwa imekataza utumwa.

Ni Fort Snelling ndiko Dred alikomuoa Harriet. Binti yao Eliza alizaliwa ndani ya meli kwenye mto Mississippi, kaskazini mwa mpaka wa Missouri. Kwa maneno mengine, alizaliwa kwenye eneo huru lakini akahesabiwa mtumwa.

Emerson alifariki mwaka 1843. Dred alijaribu kununua uhuru wa familia yake kutoka kwa mjane wa daktari, lakini mama huyo akakataa. Ndipo wakaamua kwenda mahakamani.

Alishinda, kisha akanyang'anywa ushindi

Madai yao hayakuwa ya ajabu. Kwa miaka mingi mahakama za Missouri zilikuwa na msimamo kwamba mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kuishi eneo huru anakuwa huru, na harudi utumwani hata akirudi Missouri. Watumwa kadhaa walishashinda kwa njia hiyo.

Mwaka 1847 akina Scott walishindwa kwa kasoro ya ushahidi. Hawakukata tamaa. Mwaka 1850 kesi ilisikilizwa upya na wakashinda.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1852 Mahakama ya Juu ya Missouri ilifuta ushindi huo kwa kura 2 dhidi ya 1. Majaji waliosema hapana walieleza kuwa nyakati zimebadilika: majimbo ya Kaskazini yanaupiga vita utumwa, hivyo Missouri haina sababu ya kuheshimu sheria zao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sheria ilikuwa ile ile na ushahidi ule ule. Kilichobadilika ni uhasama kati ya Kaskazini na Kusini, na familia moja ikalipa gharama yake.

Hukumu ya 1857

Watoto wa Peter Blow, waliokua na Dred nyumba moja, walimsaidia kwa fedha za kesi. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Machi 6, 1857, Jaji Mkuu Roger Taney alisoma hukumu. Majaji 7 dhidi ya 2 walimkatalia Dred. Taney alisema mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, hivyo hana haki ya kushtaki katika mahakama za shirikisho. Hakuishia hapo. Akasema Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya ambayo bado si majimbo, kwa sababu mtumwa ni mali na mali inalindwa na katiba.

Rais James Buchanan, aliyeapishwa siku mbili kabla, alitarajia mahakama ingeumaliza ugomvi. Kumbe ilikuwa kama kumwaga petroli kwenye moto.

Kwa nini? Kwa sababu tangu 1820 nchi iliendeshwa kwa mapatano, kila upande ukiachia kidogo. Hukumu hii iliupa Kusini kila kitu. Chama kipya cha Republican, ambacho lengo lake kuu lilikuwa kuzuia utumwa usienee, kiliambiwa kuwa lengo hilo ni kinyume cha katiba. Watu wa Kaskazini wakaanza kuhofia kwamba hukumu itakayofuata itaruhusu utumwa hata kwenye majimbo yao.

Mwanasheria wa Illinois, Abraham Lincoln, aliipinga hukumu hiyo jukwaa kwa jukwaa na jina lake likakua. Chama cha Democratic nacho kilipasuka vipande viwili mwaka 1860, Kaskazini na Kusini. Lincoln akashinda urais. Desemba mwaka huo huo South Carolina ikajitoa, wengine wakafuata hadi majimbo 11. Aprili 1861 vita vikaanza. Watu zaidi ya 600,000 walikufa.

Uhuru wa miezi 16

Dred hakuyaona hayo. Baada ya hukumu, mjane wa Emerson alikuwa ameolewa na mbunge wa Massachusetts aliyepinga utumwa, jambo lililomtia mbunge huyo aibu kubwa. Familia ya Scott ikakabidhiwa kwa Taylor Blow, mmoja wa watoto wa Peter. Mei 26, 1857, akawaacha huru wote wanne.

Dred alifanya kazi ya kubeba mizigo hotelini St. Louis, Harriet akawa dobi. Septemba 17, 1858, Dred alifariki kwa kifua kikuu. Alikuwa huru kwa takriban miezi 16 tu.

Mwaka 1865 utumwa ulifutwa kwenye katiba. Mwaka 1868 katiba ikatamka kuwa kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Maneno ya Taney yakafutika, na Harriet, aliyeishi hadi 1876, aliishuhudia siku hiyo.

Kaburi la Dred lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 1957. Leo wageni wanaofika pale huacha juu yake sarafu za senti moja zenye sura ya Lincoln.