ALEXANDER MACKAY, MTOTO ALIYESOMEA NYUMBANI

Kila mara mwalimu wa fizike anapotuomba rapoti, kelele inaanza mukalasi: eti hatuna labo, eti nyumbani hakuna fasi ya kuandikia. Basi hii ni stori ya mtu aliyefundishwa siansi nyumbani na baba yake, akakuja kuifundisha kule Uganda, ngambo tu ya Kasindi.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa pasta, na tena mwandishi wa vitabu vya jiografia. Mpaka mtoto alipofikisha miaka 14 hakumpeleka masomoni, alimfundisha yeye mwenyewe. Mara nyingi kalasi yao ilikuwa njiani. Wanatembea, baba anasimama, anachora mavumbini kwa fimbo: leo teoremu ya Euclid, kesho njia ya mto Zambezi jinsi watu wa wakati ule walivyoiwaza, siku ingine mwendo wa nyota. Ubao wao ni barabara! Mtoto naye alipenda kushinda kwa mhunzi. Tena alikuwa anatembea kilometa sita hivi kwenda kutazama injini ya treni iliyosimama dakika mbili tatu, kisha anarudi kwa miguu.

Baadaye alisoma ualimu na uhandisi Edinburgh, akafanya kazi ya mashini Berlin. Mwaka 1876 misioni ya CMS ilimtuma Afrika. Kwanza alisimamia kukata barabara toka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370, na mwezi wa 11 mwaka 1878 akafika kwa Kabaka Mutesa.

Kule Natete alichimba kisima na kutia pompi. Watu walipoona maji yanapanda juu, walisema huyu ni mungu. Mackay alikataa. Akawaeleza kwamba yeye ni mtu kama wao, na ile pompi ni kama mkonga wa tembo, ila ni wa shaba. Mimi naona hapo ndipo baba yake anaonekana: kitu kisichojulikana kielezwe kwa kitu ambacho kila mtu amekiona.

Vitabu vya Kiganda havikuwako. Alichonga herufi za miti kwa mkono wake, akapiga karatasi za kusomea, na vijana wakaja kwake kujifunza. Kazi ile ilikuwa na bei yake. Tarehe 31 Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misioni waliuawa kwa moto: Yusufu Lugalama, Marko Kakumba na Nuwa Serwanga. Walikamatwa wakiwa njiani pamoja na Mackay, naye hakuweza kuwaokoa. Alirudi kwa mashini yake ya kupiga chapa.

Mwaka 1887 Mwanga alimfukuza, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa. Ni kule Stanley na Emin Pasha walimkuta mwezi wa nane 1889, wakitoka huku kwetu, Semuliki na chini ya Ruwenzori. Walimkuta kazini.

Malaria ilimuua mwezi wa pili 1890, na miaka yake 40. Mwaka ule ule dada yake alitoa kitabu cha maisha yake, akitumia barua na daftari ambamo Mackay alikuwa anaandika mambo aliyoyaona na kuyafanya. Mashua ya moshi aliyokuwa anaijenga, hakuimaliza.