Harry Hess na Sakafu ya Bahari

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Wegener, yule Mjerumani aliyesema mwaka 1912 kwamba mabara yanasogea, akachekwa. Mimi napenda kuwaeleza habari za bwana mmoja aliyekuja baada yake. Wataalamu wote wa miamba wanamjua, ila madarasani hatajwi sana.

Harry Hammond Hess alizaliwa mjini New York, Marekani, tarehe 24 Mei, 1906. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, na yasemekana kuwa mara ya kwanza alipochukua somo la madini alishindwa, akaambiwa kazi hiyo haimfai. Hakuiacha. Alipohitimu mwaka 1927 alikwenda Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akazunguka porini muda wa miaka ipatayo miwili akitafuta madini. Kisha akarudi kwao, akapata udaktari Princeton mwaka 1932, na baadaye akafundisha hapo hapo.

Vita ilipoingia Pasifiki mwaka 1941, Hess aliitwa kazini, kwa kuwa alikuwa ofisa wa akiba wa jeshi la majini. Akaja kuwa nahodha wa Cape Johnson, meli ya kuchukua askari. Meli hiyo ilikuwa na chombo cha kupimia kina: hupeleka sauti chini, nayo hurudi kama mwangwi. Hess alikiacha kifanye kazi mchana na usiku, hata walipokuwa safarini kwenda kupigana. Basi akaona ajabu: milima iliyozama, vilele vyake bapa kama meza. Kwa kuongeza ramani za jeshi alihesabu ipatayo 160, akaiita giyoti kwa heshima ya Arnold Guyot, mwanajiografia mzaliwa wa Uswisi. Bila shaka mawimbi ndiyo yaliyoikata ilipokuwa visiwa. Lakini mbona sasa iko zaidi ya mita 1,000 chini ya maji?

Kwanza alidhani ni visiwa vya kale mno, na bahari imepanda juu yake. Mwaka 1950 wenzake walipoopoa mabaki ya viumbe kutoka vilele hivyo, yalionekana kuwa ya juzi juzi kwa hesabu ya miamba. Hess akaitupa fikira yake. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko ile mizunguko ya vitani.

Mwaka 1962 akatoa maelezo mapya. Sakafu ya bahari huzaliwa katikati ya bahari, penye safu ndefu za milima, ikaenda pande mbili, ikapoa na kuwa nzito, hata ikafika kwenye mahandaki makubwa ikazama ndani ya dunia. Ni kama mkeka unaoongezwa ukili upande mmoja, huku upande wa pili ukisokomezwa mvunguni. Giyoti huchukuliwa juu ya mkeka huo, nazo humezwa pamoja nao. Ndiyo maana karibu sakafu yote ya bahari haijafika umri wa miaka milioni 200, hali dunia ina zaidi ya milioni 4,500. Mwenyewe aliiita kazi hiyo ushairi, maana ushahidi ulikuwa haujatimia.

Leo twajua zaidi. Bamba linalozama huchukua maji. Yakifika kina cha kilomita kama 100 huvuja, yakafanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke upesi, na hapo huzaliwa volkano za Japani, Indonesia na Andes. Tena mabamba hukwama yakishikana kwa miaka mingi, kisha huachiana ghafla. Ndivyo ilivyotokea karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba, 2004. Wimbi liliua watu zaidi ya 220,000, na wengine walikufa hata Somalia, Kenya na Tanzania.

Ushahidi haukukawia. Mwaka 1963 Waingereza Vine na Matthews walieleza milia ya sumaku iliyomo sakafuni, na mwaka 1968 meli Glomar Challenger ikaanza kutoboa chini ya bahari, ikakuta miamba inazidi kuzeeka kadiri unavyoiacha ile safu ya katikati. Hess aliwahi kuyaona hayo. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1969, huko Woods Hole, akiwa anaongoza mkutano wa mambo ya anga, mwezi mmoja baada ya watu kutua mwezini.