Robert Wangila: Bingwa wa Seoul aliyekataa pambano lisimamishwe

Pita Lodwar jioni, upande wa Kanamkemer au pale mjini magari ya Kakuma yanapopakia abiria, hutakosa kikao cha vijana wanaobishana kuhusu mchezaji. Mara nyingi ni chipukizi wa timu ya hapa hapa. Msimu uliopita alikuwa moto wa kuotea mbali, msimu huu mpira unamkataa. Kundi moja linataka apumzishwe. Lingine linataka apelekwe Nairobi haraka kabla nyota yake haijafifia. Na hakosi wa kusema kwamba jamaa amekwisha, ilhali jamaa mwenyewe hajatimiza hata miaka 21.

Mabishano yakikolea, jina la Paul Ereng lazima litajwe. Ereng ni Mturkana, na ingawa alizaliwa upande wa Kitale, huku hakuna anayekubali kumwachia mtu mwingine. Mwaka 1988, akiwa na miaka 21, alishinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki za Seoul, Korea Kusini. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa bado anajulikana kama mkimbiaji wa mita 400.

Lakini kuna kijana mwingine wa Kenya aliyepanda jukwaa la dhahabu Seoul siku chache baada ya Ereng. Walizaliwa mwaka mmoja, tena kwa tofauti ya siku 12 tu: Ereng Agosti 22, 1967, na yeye Septemba 3. Huyo ni Robert Napunyi Wangila, bondia. Ereng yuko hai na amekuwa kocha wa chuo kikuu Marekani. Wangila alifariki miaka 30 na ushei iliyopita, kabla hata ya kufikisha miaka 27, na vijana wengi wanaojua majina ya mabondia wa Las Vegas hawamjui.

Wangila alizaliwa Nairobi, na alikulia katika enzi ambayo ndondi zilikuwa na heshima kubwa nchini. Kumbi za kijamii za mitaani zilijaa watu siku za mapambano. Bondia mzuri wa ridhaa alikuwa na njia moja ya maana ya kupata mkate: aajiriwe Magereza, Polisi, jeshini au kampuni ya bia, apigane kwa jina la mwajiri wake, na mwisho wa mwezi apokee mshahara kama wafanyakazi wengine. Timu ya taifa iliitwa Hit Squad, na Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi mwaka 1987, mabondia hao walizoa dhahabu mbele ya mashabiki wao hadi wageni wakachoka kusikiliza wimbo wetu wa taifa.

Kwa hiyo Wangila hakwenda Seoul kama mtu aliyeokotwa. Hata hivyo, ndondi za mwaka ule zilikuwa na majina mazito. Lennox Lewis alikuwepo akipigania Canada, Riddick Bowe alikuwepo, Roy Jones pia, yule ambaye hadi leo watu wanaamini majaji walimnyang'anya dhahabu mchana kweupe. Ulingo uliokuwa na majaji wa aina hiyo ulihitaji bondia asiyewaachia kazi ya kuhesabu pointi.

Wangila alikuwa na ngumi hiyo. Katika uzani wa welter alisonga hadi nusu fainali, ambako Mpoland Jan Dydak hakuweza kupanda ulingoni. Fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, aliyekuwa ameshamtoa Mmarekani Kenneth Gould. Boudouani hakuwa mtu wa mchezo. Miaka kadhaa baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Raundi ya pili haikuisha. Konde la Wangila lilimwangusha, hesabu ikakamilika, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki nje ya riadha.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Kenya ilirudi kutoka Seoul na dhahabu tano. Nne zilitoka kwenye riadha: Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ndiyo hiyo ya Wangila. Tokyo 2020 ikapita, Paris 2024 ikapita, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usio wa riadha. Kabla yake, hakuna bondia wa nchi ya Afrika isipokuwa Afrika Kusini aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki.

Baada ya Seoul, njia za vijana wawili wale wa 1967 ziliachana, na mimi naona hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Ereng alikuwa tayari mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia. Mbio zilimlipia karo. Alikuwa na kocha, daktari wa timu na chumba cha kulala, na msimu ukienda vibaya alirudi darasani. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa ukumbini, na 1991 akarudia.

Bondia hakuwa na mlango huo. Vyuo vikuu vya Marekani viliwahi kuwa na mashindano yao ya ndondi, tena makubwa, lakini yalifungwa mwaka 1960 baada ya mwanafunzi wa Wisconsin, Charlie Mohr, kupigwa katika fainali na kufariki siku chache baadaye. Kwa hiyo kijana mwenye miguu ya mita 800 aliweza kupata shahada Marekani kwa kipaji chake. Kijana mwenye ngumi, hata akiwa na dhahabu shingoni, alipewa mkataba wa mapambano.

Mwaka 1989 Wangila akaingia ndondi za kulipwa, Marekani. Ukitazama rekodi yake leo utaona jambo la kuheshimika: mapambano 27, ushindi 22. Mengi ya mapambano aliyoshinda yaliisha kabla ya kengele ya mwisho. Lakini kwa mashabiki waliokuwa wakingoja mkanda wa dunia, rekodi hiyo ilikuwa chakula cha mabishano. Bingwa wa Olimpiki hatarajiwi kupoteza, na yeye alipoteza mara tano. Pambano la ubingwa wa dunia halikuja. Katika biashara ile, kila unaposhindwa thamani yako inashuka, na njia ya kuirudisha ni kupanda ulingoni tena, mara nyingi dhidi ya mtu anayetaka jina lako liwe kwenye rekodi yake. Bondia hawezi kukaa benchi mechi tatu akitafuta fomu. Fomu yake ataitafuta akiwa anapigwa.

Julai 22, 1994, katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Pambano lilikuwa gumu, na kadiri raundi zilivyosonga ndivyo Wangila alivyozidi kulishwa makonde. Raundi ya tisa refa Joe Cortez akaingia katikati na kusimamisha kazi.

Wangila alipinga. Alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na kwake pambano lilikuwa limekatizwa mapema. Ni rahisi sana kumwelewa. Kama ungekuwa ukumbini na bendera ya Kenya mabegani, huenda ungezomea pamoja naye. Alitoka ulingoni akitembea. Alipofika chumba cha kubadilishia mavazi akaanguka na kupoteza fahamu. Hakuamka tena. Alifariki Julai 24.

Inawezekanaje mtu agombane na refa, atembee, halafu afe? Madaktari wanaeleza hivi. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Konde zito likitua, kichwa kinageuka ghafla lakini ubongo unachelewa kidogo kukifuata, na vimishipa vinavyopita kati yake na utando unaoufunika vinaweza kukatika. Damu huvuja taratibu. Kwa dakika kadhaa mtu anaweza kuongea, kubisha, hata kudai apewe raundi nyingine. Halafu damu ile, isiyo na pa kwenda kwa sababu fuvu halitanuki, inaanza kuubana ubongo. Ndiyo maana bondia mwenyewe ndiye shahidi mbovu kuliko wote kuhusu hali yake. Sisi mashabiki tunafuata.

Ulimwengu wa ndondi ulikuwa unalijua hilo. Mwaka 1982, katika jiji lile lile la Las Vegas, Mkorea Duk Koo Kim alikufa baada ya kupigana na Ray Mancini hadi raundi ya 14. Baraza la ndondi la WBC likapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Wangila hakufika hata ya kumi. Cortez, ambaye usiku ule alionekana kama mtu aliyemharibia kijana kazi, kumbe hakuwa amewahi. Alikuwa amechelewa, na hakuna aliyekuwa mle ukumbini ambaye angeweza kujua.

Siku habari zile zinafika Kenya, kambi ya Kakuma ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, imejaa watoto waliotembea kutoka Sudan. Miaka 22 baadaye, wanariadha watano waliotokea kambi hiyo walikimbia Rio 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki. Wote walikuwa wakimbiaji. Ukiuliza vijana wa Kakuma au Lodwar kipaji kinaweza kukufikisha wapi, wengi watakuonyesha barabara, yaani kimbia. Ereng alipita huko, Rose Nathike Lokonyen na wenzake wakapita huko.

Wanaopenda glavu wapo pia, wanajifua asubuhi kabla jua halijawa kali, na hao nao wana mashabiki wanaobishana kama wale wa mpira: huyu aende Nairobi, yule ameshuka kiwango, huyu angemaliza raundi zote kama refa angemwacha. Juzi niliwasikia wawili wakimlaumu refa hivyo hivyo. Bondia wao alikuwa amekaa kando kwenye tairi kuukuu, taulo kichwani, kimya, akinywa maji. Nikamsogelea nikamuuliza kama kichwa kinamuuma.