Jim Gray: Jamaa aliyefikiria pesa yako stima ikipotea

Soko la mifugo la Isiolo, mbuzi ameuzwa, mnunuzi anatuma pesa kwa simu. Tuseme kompyuta inayoshughulikia hiyo kazi izime hapo katikati: pesa imetoka kwake na haijafika kwa muuzaji. Itakuwa imeenda wapi? Walioumiza kichwa na swali hilo ni wengi, lakini jina la kwanza utakalosikia ni Jim Gray.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1944. Akasoma Berkeley hadi udaktari, 1969, kisha akaingia IBM, kwa timu iliyounda System R, mmoja wa mifumo ya mwanzo ya hifadhidata za majedwali. Huko ndiko alikoshughulikia sana wazo la muamala: ama kila hatua ifanyike, ama isifanyike hata moja.

Rahisi kusema. Kumbe shida ni diski. Diski ni polepole, kumbukumbu ya kompyuta ni chap chap, lakini stima ikienda, kilichokuwa kwa kumbukumbu kimeenda nayo. Ndiyo maana kuna bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambapo data hungoja kabla ya kuandikwa kwa diski. Ukiandika kila kitu papo hapo, mfumo unatambaa. Ukingojesha kila kitu, siku moja utalia. Njia ambayo Gray na wenzake walieleza ni hii: mabadiliko yaandikwe kwanza kwa daftari la matukio, na daftari lifike kwa diski kabla mteja hajaambiwa kazi imekwisha. Data yenyewe inaweza kubaki kwa bafa, hakuna haraka.

Mwaka 1987, akiwa kampuni ya Tandem, yeye na Franco Putzolu walipiga hesabu ya bei. Wakasema data inayoguswa angalau mara moja kila dakika 5 inafaa kukaa kwa kumbukumbu. Isiyofika hapo ibaki diski. Mimi hii ndiyo napenda zaidi, maana ni hesabu ya duka kabisa: bidhaa inayotoka kila saa huiweki stoo.

Ukifungua seva leo utakutana na mambo yake. Hifadhidata ina bafa yake, mfumo wa faili nao una yake, kwa hivyo data moja inaweza kukaa mara mbili ikila kumbukumbu bure. Kwa MySQL unaweza kuiambia InnoDB itumie O_DIRECT, iruke bafa ya mfumo. PostgreSQL yenyewe huitegemea hiyo bafa ya mfumo, ndiyo maana watu huanza kwa kuipa shared_buffers asilimia 25 hivi ya kumbukumbu. Na yule anayekushauri uzime fsync ndio mambo yakimbie? Anakuuzia kasi kwa data yako. Stima zetu unazijua.

Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 28, 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua yake, Tenacious, kwenda kumwaga majivu ya mamake karibu na visiwa vya Farallon. Hakurudi. Walinzi wa pwani walitafuta, na maelfu ya watu wakachambua picha za setilaiti mtandaoni, kipande kwa kipande. Mashua haikuonekana, na mwaka 2012 mahakama ikamtangaza amefariki. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, wiki chache tu baada ya yeye kupotea.