Dennis Ritchie na Uwezo wa Kuazima

Mwanafunzi wa Kampala aketipo mbele ya kompyuta ya Linux na kubadili neno lake la siri, hutumia kazi ya mtu ambaye pengine hajapata kulisikia jina lake. Mtu huyo ni Dennis Ritchie.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1941, huko Bronxville katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alifanya kazi katika maabara ya Bell, na mwana naye akaingia humo mwaka 1967, baada ya kusoma fizikia na hesabu Harvard. Tasnifu ya udaktari aliiandika, lakini nakala iliyojalidiwa hakuipeleka, na shahada akaikosa! Kuanzia 1969 yeye na Ken Thompson waliunda Unix, ambayo Linux ya mwaka 1991 ilifuata mtindo wake. Lugha ya C pia ni yake. Hayo yanajulikana sana. Mimi nataka kueleza jambo dogo.

Katika Unix kila faili ina mwenyewe, na imeandikwa nani aruhusiwa kuisoma, kuiandika au kuiendesha. Basi tazama shida iliyokuwapo. Maneno ya siri ya watu wote yalikaa katika faili moja, mali ya msimamizi mkuu. Wakiruhusiwa wote kuiandika, mwivi atabadili neno la mwenzake. Wakikatazwa wote, hakuna atakayebadili hata la kwake. Ritchie akapata dawa: programu itiwe alama, na kila aiendeshaye aazime uwezo wa mwenye programu mpaka kazi iishe. Ni kama kiranja aliyepewa muhuri wa mwalimu mkuu ili agonge karatasi moja tu, kisha aurudishe. Siku hizi alama hiyo huwekwa kwa amri ya chmod na tarakimu 4 mbele, kama 4755.

Lakini kuazima kuna hatari. Programu yenye kosa ikipewa alama hiyo, mjanja aweza kuitumia akawa bwana wa mashine nzima. Kwa hiyo programu za namna hii ziwe chache, na msimamizi mwangalifu huzitafuta kwa amri ya find / -perm -4000.

Zipo alama mbili nyingine, za kufaa folda. Tarakimu 2 hufanya faili mpya ziwe za kikundi cha folda. Tarakimu 1 huzuia mtu asifute faili ya mwenzake, ingawa wote huandika humo. Katika shule moja niijuayo alama hii ilisahauliwa, na kijana aliyetafuta nafasi akafuta insha za darasa zima.

Hati ya uvumbuzi wa alama ya 4 iliombwa 1973 na kutolewa 1979, kisha ikaachwa itumiwe na watu wote bila malipo. Mwaka 1983 Ritchie na Thompson walipewa tuzo ya Turing.

Tarehe 12 Oktoba, 2011, Ritchie alikutwa amekufa nyumbani kwake New Jersey, alikoishi peke yake. Steve Jobs alikuwa amefariki juma moja kabla, na magazeti yalikuwa yangali yamejaa habari zake.