Horrocks: Kijana Aliyempima Zuhura kwa Nusu Saa

Nikimsikia mtu hapa chuoni akisema bila GPA kubwa huwezi kugundua kitu, huwa namtajia Jeremiah Horrocks. Alizaliwa mwaka 1618 huko Toxteth, karibu na Liverpool, Uingereza. Mwaka 1632 aliingia Emmanuel College, Cambridge, katika kundi la wanafunzi maskini waliopunguziwa gharama kwa kufanya kazi za utumishi chuoni. Boom haikuwepo. Mwaka 1635 akaondoka bila shahada.

Astronomia alijisomea mwenyewe. Wakati ule mwenye sauti kubwa alikuwa Johannes Kepler, aliyekwishafariki na kuacha majedwali ya mienendo ya sayari. Kepler alitabiri kwamba Zuhura ingekatiza mbele ya Jua mwaka 1631. Kwa mwaka 1639 hesabu zake zilionyesha ingepita pembeni kidogo tu. Horrocks hakuyameza majedwali hayo kama yalivyo. Aliyalinganisha na vipimo vyake, akarekebisha, na jibu likatoka tofauti: mwaka 1639 Zuhura itakatiza. Alilipata ikiwa imebaki kama mwezi mmoja tu.

Hapo akafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko hesabu zenyewe: akamwandikia rafiki yake William Crabtree, aliyeishi karibu na Manchester, naye aangalie. Alijua jicho la mtu mmoja halitoshi.

Siku ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Novemba 1639 kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule, sawa na 4 Desemba ya kalenda yetu. Akiwa kijijini Much Hoole, Horrocks alielekeza mwanga wa Jua kupitia darubini hadi kwenye karatasi aliyochora duara. Mawingu yalimsumbua, na katikati ya siku aliitwa kwenye shughuli asizoweza kuziacha. Aliporudi, kama saa tisa na robo alasiri, mbingu ilifunguka. Kidoa cheusi cha mviringo kilikuwa tayari ndani ya duara. Alibakiwa na nusu saa tu kabla ya Jua kuzama, akaitumia kupima.

Crabtree naye alikiona, ila alipigwa butwaa kiasi kwamba muda ukamponyoka. Hata hivyo, alichochora kilikaribiana na cha mwenzake.

Upana wa Zuhura ulikuwa kama sehemu 1 ya 25 ya upana wa Jua, mdogo kuliko wakubwa wa fani walivyotarajia. Kutokana na hapo Horrocks alikadiria umbali wa Jua kuwa kama kilomita milioni 95. Ni pungufu sana ya milioni 150 tunazozijua, lakini makadirio ya wengi kabla yake yalikuwa madogo zaidi.

Alifariki ghafla tarehe 3 Januari 1641, akiwa na miaka 22, siku moja kabla ya ziara aliyopanga kwenda kwa Crabtree. Andiko lake lilichapishwa Danzig mwaka 1662, na Johannes Hevelius.

Njia ile ile ndiyo iliyotupa sayari yenye jina letu. Mwaka 2019 Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Haionekani, kinachoonekana ni mwanga wa nyota kupungua kwa chini ya nusu asilimia kila inapokatiza. Kiasi kinachopungua kinatoa ukubwa: upana wake ni karibu mara moja na nusu ya Mshtarii. Lakini nyota mbili zinazozibana zinaweza kudanganya vivyo hivyo, kwa hiyo darubini nyingine zilipima jinsi nyota inavyoyumba, na uzito ukapatikana: zaidi ya Mshtarii mbili. Hapo ndipo ikathibitishwa. Hiyo ndiyo kazi ya Crabtree.

Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilikatiza mbele ya Jua mchana kweupe hapa Dodoma. Baada ya ile ya 2012, nyingine ni 2117, na hiyo wengi wetu hatutaiona. Tanzanite inakatiza kila baada ya siku 3 hivi, na usiku wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, Mpingo hupita karibu na utosi wa Dodoma. Inahitaji darubini, anayejua hesabu, na mwenzake wa kuhakiki.